Kijiji Nacho Kina Swali: Kujifunza kwa Kuhudumia Katika Afya ya Jamii Mkoani Simiyu



Nimeombwa nizungumzie hapa Bariadi namna wanafunzi wa afya ya jamii wanavyoweza kujifunza huku wakiwahudumia wananchi. Ninachoamini nitakisema mapema, ili atakayelazimika kuondoka kabla sijamaliza aondoke nacho. Mwanafunzi anapokwenda kijijini kujifunza, kijiji kinampa vitu vingi: muda wa watu, maji ya kuoga, mahali pa kulala, siri za nyumbani, maradhi ya watoto. Huduma anayoirudisha itastahili jina hilo pale tu itakapojibu swali ambalo kijiji chenyewe kimeuliza, na jibu hilo likafika kijijini kabla halijafika chuoni. Barua za utambulisho, madodoso, alama na ripoti vyote vipangwe kulifuata jambo hilo.

Habari ya deni la msomi haikuanza na sisi. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia kijijini wakati wa njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila kisha asirudi, amewasaliti waliomlisha. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa wakati huo chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana kupinga masharti ya wahitimu kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 walirudishwa makwao, na Mwalimu akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, likatoka andiko la Elimu ya Kujitegemea, likitaka shule ziwe na mashamba na karakana, na mwanafunzi aishi akijua kwamba yeye ni sehemu ya watu wanaomsomesha.

Wengi wetu tumepita katika shule hizo, na tunajua kilichotokea mahali pengi. Shamba likawa adhabu. Aliyechelewa namba alipewa jembe, aliyefanya kelele alipewa kipande cha kupalilia, na mahindi yalipogeuka manjano hakuna aliyewakusanya wanafunzi akawauliza kwa nini. Kazi ilifanyika, somo halikuwepo. Hatari hiyo iko pale pale leo tunapompeleka mwanafunzi wa mwaka wa pili zahanati, akapewa ufagio na kazi ya kuhamisha maboksi, akasainiwa kitabu chake cha mazoezi akarudi. Kuna pia hatari ya upande wa pili, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi: somo lifanyike bila kazi. Mwanafunzi anapita kaya kwa kaya na dodoso la kurasa nyingi, anapata takwimu zake, anaandika ripoti nzuri, anafaulu. Mwaka unaofuata anakuja mwingine na maswali yale yale, na mama aliyekwisha kujibu mara ya kwanza anaanza upya kuhesabu watoto aliozaa na watoto aliozika.

Tumewahi kufanya vizuri zaidi ya hapo katika nchi hii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujisomea, wakisikiliza redio, wakisoma kijitabu, kisha wakijadiliana wenyewe juu ya malaria, kuhara, safura, kichocho na maji. Ninachokipenda katika kampeni ile ni kwamba kikundi kilipomaliza kujadili kilitoka kwenda kufanya jambo: kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa malaki. Mjadala na kazi vilikuwa vya watu wale wale, mahali pale pale.

Sasa tuje Simiyu. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 ukitoka Shinyanga, na Busega ikaongezwa kutoka Mwanza. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Zaidi ya nusu milioni wameongezeka ndani ya miaka 10. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulikuta wastani wa watoto 7.9 kwa mwanamke wa Simiyu, wa juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.2. Kijana wa miaka 21 kutoka chuoni akisoma tarakimu hizi haraka atadhani ameshaujua ugonjwa na dawa yake, na atafika Lagangabilili au Mwanhuzi na hotuba ya uzazi wa mpango mfukoni. Ninamwomba aikalie kwanza. Aulize mifugo inachungwa na nani, pamba inachumwa na mikono ya nani, na mama aliyefiwa na watoto wawili anawaza nini anapobeba mimba ya tatu. Akishasikia hayo atakuwa na la kusema, na huenda likawa tofauti na alilokuja nalo.

Ugonjwa unaofundisha zaidi katika mkoa huu, kwa maoni yangu, ni kichocho. Kuna aina kuu mbili na sisi tunazo zote. Busega, kandokando ya Ziwa Viktoria, kuna kichocho cha tumbo. Konokono wake anakaa ziwani. Ukipanda kuelekea Itilima, Maswa na Meatu, ambako ziwa halionekani, unakutana na kichocho cha mkojo. Konokono wa huko anaishi kwenye malambo, majaruba ya mpunga na madimbwi ya msimu, na anaweza kujizika kwenye tope kiangazi chote akingoja mvua. Kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea kufikiri kwamba kichocho ni cha watu wa pwani ya ziwa atajifunza jambo kubwa siku atakaposimama kwenye lambo lililokauka na kuambiwa kwamba maradhi yamelala chini ya miguu yake.

Mtu huambukizwa ngozi yake inapogusa maji hayo: akioga, akifua, akinywesha ng'ombe, akipandikiza mpunga. Dawa ipo, prazikwanteli, na watoto hupewa shuleni kwa kipimo kinachokadiriwa kwa kimo chao. Inaua minyoo iliyokomaa. Haimkingi mtoto asiambukizwe tena Jumamosi atakaporudi lamboni. Ndiyo sababu miaka inapita, vidonge vinagawiwa, na mkojo wenye damu bado upo. Pengo lililo kati ya kidonge na lambo ndilo shamba la mwanafunzi wa afya ya jamii.

Katika pengo hilo kuna maswali ambayo profesa hana majibu yake, na kila mama wa kitongoji anayo. Watu huchota lambo lipi, saa ngapi? Nani huenda? Watoto huogelea upande gani, ng'ombe hunywa upande gani? Kisima cha pampu kipo, mbona hakitumiki: kimeharibika, maji yake yana chumvi, au kuna ugomvi wa mchango? Wanafunzi wanane wakikaa na akina mama, wachungaji na watoto wa darasa la nne, wakachora pamoja ramani chini kwa majivu na vijiti, kisha wakainakili kwenye karatasi, kijiji kitapata kitu ambacho serikali ya kijiji inaweza kukitundika ukutani na kukitumia inapoamua pa kutenga sehemu ya kunyweshea mifugo. Mwanafunzi naye atakuwa amejifunza epidemiolojia kwa namna ambayo hataisahau. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria katika wilaya za mkoa huu, ulioidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, utabadilisha mengi. Ramani za namna hiyo zingetuonyesha kama bomba likifika mtoto ataacha kwenda lamboni, maana mtoto haendi lamboni kuchota tu, huenda kucheza.

Kisha kuna mchungaji. Dawa ya shuleni humfikia aliye shuleni. Mvulana anayeondoka na ng'ombe alfajiri na kurudi jua likizama ndiye anayegusa maji mengi kuliko wote, na jina lake halimo kwenye daftari la mwalimu. Wanafunzi wakiamka mapema wakaandamana na wachungaji hawa, watapata hesabu yao kwa kila kitongoji, na hesabu hiyo ikiwekwa mbele ya mganga mfawidhi wa zahanati na mtendaji wa kata ni sababu tosha ya kupanga siku ya kuwafuata huko huko, mnadani au kwenye josho. Nasema hesabu, sisemi majina. Majina yakitoka ovyo mzazi ataona ameshitakiwa kwa kutompeleka mtoto shule, na mwaka ujao mlango hautafunguliwa.

Na kuna mwanamke. Mayai ya kichocho cha mkojo hujipenyeza pia katika shingo ya kizazi na kuta za uke, yakaleta maumivu, uchafu na damu. Hapa kuna fundo ambalo napenda wanafunzi wa Kanda ya Ziwa walifungue wenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, utafiti mkubwa uliofanyika vijijini mkoani Mwanza ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa karibu asilimia 40. Ulichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet na dunia nzima ikausoma. Tiba ile ilitolewa kwa kufuata dalili, bila kungoja maabara, na ni fahari yetu kwamba ushahidi wake ulitoka huku. Lakini palipo na kichocho, dalili zile zile zinaweza kuletwa na mnyoo. Mwanamke anatibiwa ugonjwa wa zinaa, haponi, anarudi, anatibiwa tena, na nyumbani mume ameshaanza kuuliza maswali. Wanafunzi wawili wakikaa na muuguzi, kwa ruhusa yake na kwa kulinda siri za wagonjwa, wakapitia rejesta za MTUHA, yaani kumbukumbu za huduma za zahanati, kuangalia ni wangapi waliorudi na malalamiko yale yale, watakuwa wamemsaidia muuguzi ambaye hana muda huo, na huenda wakaokoa ndoa kadhaa.

Mnaweza kuniuliza kwa nini tuhangaike na ramani za majivu wakati dawa ipo. Nitawakumbusha Morogoro, mwaka 2008. Ugawaji wa dawa za kichocho shuleni ulizua vurugu. Wazazi walivamia shule, uvumi ukasambaa kwamba watoto wanadhurika, na zoezi likasimama. Waliochunguza baadaye walikuta kwamba watu walikuwa na maelezo kidogo mno juu ya dawa ile, na kwamba waliyoyaamini kuhusu kichocho hayakuwa yamesikilizwa na yeyote. Prazikwanteli ikimezwa tumbo likiwa tupu huleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo. Mzazi ambaye hakuambiwa ampe mtoto uji, akimwona anatapika, atafikiri nini? Kukaa na wazazi jioni moja kabla ya siku ya dawa ni kazi ambayo mwanafunzi anaiweza kabisa, na hapo atajifunza elimu ya afya kuliko katika mihadhara mingi, huu wangu ukiwemo.

Wenzetu walioifanya kazi hii kwa muda mrefu wana jambo moja linalofanana: walirudi mahali pale pale. Sidney na Emily Kark, madaktari waliofungua kituo cha afya cha Pholela huko Natal, Afrika Kusini, mwaka 1940, walianza na kaya chache za jirani, wakazijua kwa undani, wakawa wanaongeza nyingine kadiri miaka ilivyokwenda. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipoanzisha shule yake ya tiba mwishoni mwa miaka ya 1980 kilitandaza masomo ya jamii katika miaka yote ya mafunzo: mwanafunzi huanza kwa kuitambua jamii, mwaka mwingine huchunguza matatizo yake ya afya, kisha huandaa utafiti na kuufanya, na mwishoni hushika kazi katika huduma za wilaya. Makerere nayo iliufuata mwendo huo tangu mwaka 2003. Sisi Kanda ya Ziwa tuna chuo chetu cha sayansi za afya pale Bugando, Mwanza, saa chache tu kwa basi kutoka hapa, na tuna vyuo vya kati vinavyofundisha waganga, wauguzi na maafisa afya. Hatuna sababu ya kuwasambaza wanafunzi kila mwaka katika vijiji vipya kana kwamba tunataka kila kijiji kionje usumbufu wetu.

Nigusie majira, maana wapanga ratiba za vyuo husahau kwamba Simiyu ni mkoa wa pamba. Mvua za Novemba na Desemba zikianza, watu wako shambani wakipanda, palizi inafuata, kuanzia Mei wanavuna na kuuza. Ukimfuata mkulima Januari na dodoso unamwibia siku. Baada ya mavuno watu wana nafasi, ngoma zinachezwa, vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu vinashindana, na ujumbe wa afya uliotungwa na manju wa hapo utafika mbali kuliko kipeperushi chochote. Basi twende kiangazi. Lakini kiangazi peke yake kinadanganya. Malaria inakuja na mvua, na mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kilipoingia Simiyu ilikuwa majira ya mvua, vyoo vifupi vikifurika na mikondo ikishuka kuelekea visima. Mwanafunzi aliyekiona kijiji Agosti tu hakijui. Pendekezo langu ni ziara ndefu baada ya mavuno, na ziara fupi ya watu wachache wakati wa mvua, wakae upande wa zahanati, wasaidie kutibu maji na kufuatilia wagonjwa, wasimsumbue aliye shambani.

Lugha nayo. Kiswahili kinatosha kwa mtendaji na kwa vijana. Kwa bibi wa Kisesa ya Meatu au wa Dutwa, mambo ya ndani ya mwili wake yana Kisukuma chake. Mkalimani akiwa mtoto wa mwenyekiti wa kitongoji, majibu yatanyooka yote kama yamepigwa pasi. Tafuta mwanamke mtu mzima anayeheshimika, mkunga wa jadi kwa mfano, umlipe jasho lake.

Kuhusu bibi hawa nina neno zito. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Macho yale mara nyingi yamekuwa mekundu kwa moshi, kwa miaka 50 ya kupika kwa kuni na samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha. Hili ni suala la afya ya jamii kwa maana kamili ya maneno hayo. Mwanafunzi anayekagua jiko, akaangalia macho, akawapeleka wazee kliniki ya macho, kisha kwa ridhaa yao akaeleza kwenye mkutano wa hadhara kazi ya moshi kwenye jicho la binadamu, amesimama kati ya mtu na panga. Sijui huduma kubwa kuliko hiyo ambayo chuo kinaweza kuipa alama.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwaandaa zaidi ya 137,000 nchi nzima. Watu hao ndio watakaobaki wanafunzi wakiondoka. Kwa hiyo kila kikundi cha wanafunzi kifanye kazi chini ya mhudumu wa kitongoji husika, kimfuate yeye kaya kwa kaya, na kila kilichoanzishwa kikabidhiwe kwake: hesabu, ramani, kibuyu chirizi cha mfano cha kunawia mikono. Wanafunzi watajisikia wadogo kufundishwa na mtu mwenye elimu ya sekondari. Wavumilie.

Sasa niseme ninachoomba kifanyike, na viongozi mpo.

Tuchague vijiji vitatu kwa kuanzia, kimoja kando ya ziwa Busega, kimoja Itilima, kimoja Meatu, na chuo kijifunge kwa maandishi na halmashauri kwamba kitarudi huko kwa miaka mitano. Katika ofisi ya kila kijiji liwekwe daftari moja la Kiswahili, mali ya kijiji, linamoandikwa swali lililoulizwa, nani aliuliza, nini kilichunguzwa, kilichopatikana, na kilichofanyika. Kikundi kinachokuja kianze kwa kusoma kilichoachwa na kikundi kilichotangulia. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu. Wanafunzi waeleze matokeo yao hapo, waulizwe, wabishiwe, na muhtasari wa mkutano huo wenye saini ya mwenyekiti na mtendaji uambatanishwe kwenye ripoti. Bila muhtasari, ripoti isisahihishwe. Gharama za chakula na malazi ya wanafunzi, na posho ya muda wa mhudumu na mkalimani, ziingizwe kwenye bajeti ya chuo, zisitwishwe kaya zinazowapokea wala zahanati yenye muuguzi mmoja.

Na mkutano wa kwanza, ule wa kuviuliza vijiji hivyo vitatu vinataka kujua nini, uitishwe mwaka huu baada ya pamba kuuzwa na kabla ya mvua za Novemba, wakati watu wako nyumbani. Waganga wakuu wa wilaya wamo humu ukumbini. Tukitoka nje tukae nao tupange tarehe.